Jibu ni C, mbuzi je?

*Tuisheni za Kiingereza jijini Arusha zinawafundisha watoto kuokota majibu. Kusoma kwenyewe kumewekwa kando.*

Mlangoni wanaamkia kwa Kiswahili: "Shikamoo, mwalimu." Wakishaingia na kutua mabegi wanasimama tena, safari hii kwa kuimba: "Good morning, teacher." Kati ya salamu hizo mbili kuna hatua tatu na kizingiti cha saruji.

Ni Jumamosi ya Julai, saa mbili asubuhi, Sakina, pembeni mwa barabara iendayo Namanga. Mlima Meru hauonekani. Umejifunika wingu tangu alfajiri, na baridi inayoshuka kutoka huko imewavalisha watoto masweta mawili mawili na kofia za mzula. Chumba ni fremu iliyojengwa iwe duka. Rafu za bidhaa bado zipo, ila sasa zimebeba chaki na rundo la karatasi zilizotolewa kopi steshenari ya jirani: maswali ya Kiingereza ya mitihani ya darasa la saba ya miaka iliyopita, na mengine yaliyotungwa kwa kuiga hayo. Septemba, mwezi wa mtihani, haiko mbali.

Zamu ya ufahamu ikafika. Habari yenyewe ni aya mbili tu. Mzee mmoja anampeleka mbuzi wake mnadani, anafika, anamtazama vizuri, anarudi naye nyumbani. Swali la nne linauliza mzee alimpeleka wapi mbuzi.

"C!" darasa zima likajibu kabla mwalimu hajamaliza kulisoma. Mwalimu akaweka vema, wakaenda la tano.

Wakati wa mapumziko, wakitafuna maandazi, niliwauliza watano waliokuwa karibu yangu kwa nini yule mzee alirudi na mbuzi wake. Niliuliza kwa Kiswahili. Wakatazamana. Mmoja akaichukua karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akapata mahali panaposema mbuzi "was expecting".

"Mbuzi alikuwa anatarajia," akasema.

Anatarajia nini?

"Kuuzwa."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna cha kuchekesha. Mbuzi alikuwa na mimba. Hadithi yote imening'inia kwenye neno hilo moja, na watoto wote watano walikuwa wamepata maswali yote ya habari hiyo.

Mkaluli na vitwasi vyake

Tusiwacheke. Jaribu mwenyewe, tena kwa lugha yako: *Mkaluli alipuruta vitwasi vitatu mdelekoni, kisha akamfyongeza Bedeka.*

Mkaluli alipuruta nini? Vitwasi. Vingapi? Vitatu. Alivipurutia wapi? Mdelekoni. Nani alifyongezwa? Bedeka. Umepata nne kwa nne, na sentensi hiyo nimeitunga sasa hivi. Haina maana yoyote. Kilichokubeba ni sarufi: *a-* ilikuonyesha mtendaji, *-li-* ikakuonyesha wakati, *-ni* ya mwisho ikakuonyesha mahali. Ulichofanya ni kuokota neno kutoka kwenye sentensi na kulipachika kwenye jibu.

Ndicho wanachofanya watoto wa Sakina, na wa Kijenge, na wa Usa River. Wanafundishwa waanze na swali, wakamate neno moja la swali, walitafute ndani ya habari, wakilipata wasome sentensi hiyo peke yake, kisha wachague herufi. Njia hiyo inafanya kazi mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayeona sababu ya kuiacha. Inakwama pale tu swali linapouliza kwa nini, au ujumbe wa habari ni upi, au neno fulani limetumika kwa maana gani.

> *"Mtoto anayewinda neno anaweza kupata alama zote na asijue hadithi ilihusu nini."*

Mwalimu wa tuisheni si mjinga, na haki yake asemewe. Mzazi anamlipa kwa ajili ya matokeo ya Oktoba au Novemba. Mapenzi ya vitabu hayamo kwenye makubaliano. Karatasi za zamani zina faida yake. Mtoto anazoea maelekezo, anajifunza kugawa muda, anajua kusiliba kiduara kwa penseli bila kutoboa karatasi, na hatetemeki akikutana na sentensi zilizovurugwa anazotakiwa kuzipanga ziwe hadithi. Kwa mtoto anayetoka darasa lenye wanafunzi wengi, ambako daftari lake husahihishwa kwa kupokezana, ile fremu ya Sakina ndiyo mahali pekee panapompa mtu mzima wa kumwambia hapa umekosea.

Tatizo ni kwamba mtihani ni kipimajoto. Kipimajoto ukikitumbukiza kwapani mara mia kwa siku homa haishuki.

"Hujala?" "Ndiyo."

Sarufi nayo ina kisa chake, na hapa karatasi za mazoezi kutoka nje ya nchi hazitusaidii sana, kwa kuwa makosa ya Mswahili yana asili yake mwenyewe.

Chukua *he* na *she*. Sisi tuna *a-* moja: anakuja, awe mama awe baba. Ndiyo maana hata mtu mwenye digrii, akichangamka kwenye mazungumzo, atamwita shangazi yake *he*. Chukua *a* na *the*. Kiswahili hakina vibainishi vya namna hiyo, hivyo mtoto huvitupia anavyojisikia, kama chumvi. Chukua *-ni* yetu inayobeba kila kitu: mezani, nyumbani, kituoni. Kiingereza kinataka *on*, *at*, na pengine *in*, na hakuna kanuni itakayomwokoa anayekariri orodha bila kuyaona maneno hayo yakifanya kazi kwenye habari.

Halafu kuna swali la ukanushi. "Hujala?" Mswahili ambaye hajala anajibu "Ndiyo", akimaanisha ni kweli kama ulivyosema. Mwingereza ambaye hajala anajibu "No". Katika mazoezi ya maswali yenye mkia, yale ya *isn't it* na *didn't he*, kosa hili ndilo linalomaliza alama, na nimeona vitabu vya mazoezi vinavyolipita bila neno moja. Mwalimu anayejua Kiswahili vizuri angelieleza kwa dakika tano. Lakini shule nyingine zimeandika ukutani kwamba Kiswahili ni marufuku, na anayekutwa akikizungumza huvalishwa kibao shingoni.

Kwa watoto wa mlimani Kiingereza ni lugha ya tatu. Huko Poli, Nkoaranga au Akheri mtoto wa Kimeru anaanza na Kimeru nyumbani. Upande wa Ilkiding'a na Oldonyosambu, mtoto wa Kiarusha anaanza na Kimaasai. Kiswahili wengi wao wanakikomaza shuleni. Kabla hakijatulia, kidato cha kwanza kinafika na Kiingereza kinageuka kuwa lugha ya Biolojia, ya Jiografia, ya Hisabati na ya kuombea ruhusa ya kwenda msalani.

Mimi mwenyewe niliingia kidato cha kwanza nikiwa nimezikariri nyakati zote za Kiingereza kwa wimbo. Mwalimu wa Jiografia alipofungua mdomo, sikujua kama anatukaribisha au anatufukuza. Nilimtazama jirani yangu. Alikuwa akinitazama mimi.

Mji wa Azimio

Kuna kejeli kidogo katika habari hii kuandikwa kutoka Arusha. Ni hapa Azimio la Arusha lilipopitishwa, likatangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Muda mfupi baadaye Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchi nzima. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Ufa huo ndio watoto wetu wanaouruka kila Januari, na asiyejua kuruka anaanguka ndani.

Na bado ni mji huu huu unaoishi kwa Kiingereza kuliko mingi nchini. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa tangu 2007. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa hapa hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na wakalimani wake waliwahi kupanga nyumba nusu ya mitaa ya Njiro, au ndivyo madalali walivyopenda kusema. Kila kampuni ya safari kuanzia Goliondoi hadi Sokoine inatafuta mtu anayeweza kumweleza mgeni tofauti ya swala granti na swala tomi.

Vijana wanaowakimbilia watalii karibu na Mnara wa Saa, wale mji unaowaita "flycatcher", wanazungumza Kiingereza kinachotiririka, na wapo miongoni mwao waliopata F ya somo hilo hilo kidato cha nne. Hakuna muujiza hapo. Mtihani wa kidato cha nne haupimi kuzungumza. Unapima kuandika, na pia unapima fasihi.

Hiyo fasihi ndiyo inayoniuma zaidi. Kwa miaka mingi orodha ya kazi teule imekuwa na *Passed Like a Shadow* ya Bernard Mapalala, *Unanswered Cries* ya Osman Conteh, *The Lion and the Jewel* ya Wole Soyinka. Ni vitabu vyembamba. Kimoja unaweza kukimaliza kwa mwisho wa juma mmoja ukiwa umekaa chini ya mgomba. Lakini wapo watahiniwa wanaoingia kwenye chumba cha mtihani bila kuwahi kukishika hata kimoja. Wana desa: kurasa nne za wahusika, dhamira na "ujumbe", zilizotolewa kopi ya kopi hadi herufi zimefifia. Wamekariri insha moja, wanaibandika kwa swali lolote litakalokuja.

Mapengo ya 1984

Wasomi wawili wa Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walitumwa kuchunguza Kiingereza katika shule zetu na kutoa ripoti mwaka 1984. Kipimo chao kilikuwa rahisi: chukua habari, futa neno kila baada ya maneno kadhaa, mwambie mwanafunzi ajaze mapengo. Anayeelewa habari hujaza. Anayeokota maneno hana pa kuokota. Walichokuta ni kwamba asilimia 10 hivi tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia *kuanza* kusoma masomo mengine kwa Kiingereza. Waliobaki walikuwa wamemaliza sekondari bila kuianza.

Miaka miwili kabla yake, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza jibu jingine: sekondari ihamie kwenye Kiswahili hatua kwa hatua kuanzia 1985. Serikali haikulifuata. Badala yake ukaja mradi wa kuimarisha Kiingereza, ukifadhiliwa na Uingereza, kuanzia 1987 hadi katikati ya miaka ya 1990. Wazo lake kuu halikuwa mazoezi ya sarufi. Lilikuwa kuwapa wanafunzi vitabu vyepesi vya hadithi, vingi, wasome kwa raha zao. Watu wazima wa leo waliopita kidato cha kwanza baada ya hapo watakukumbushia *Hawa the Bus Driver* na *Mabala the Farmer* vya Richard Mabala. Ukimtajia mtu wa umri huo jina la Hawa, atakusimulia kitabu. Jaribu kumtajia swali lolote la kuchagua alilofanya mwaka huo.

Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulikwenda nyumba kwa nyumba na hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Nusu ya waliokuwa wamemaliza shule ya msingi hawakuweza kuisoma. Hadithi ya Kiswahili ya kiwango hicho hicho iliwashinda mmoja kati ya watano. Takwimu hii ya pili husahaulika, nami naiona ndiyo nzito zaidi, maana mtoto ambaye hajazoea kusoma kwa lugha anayoijua hawezi kupata ufahamu kwa lugha asiyoijua.

> *Nusu ya waliomaliza shule ya msingi hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya darasa la pili. (Uwezo, 2010)*

Mvutano wa lugha ya kufundishia unaendelea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, limebakiza Kiingereza sekondari na kukishusha kama somo hadi madarasa ya mwanzo kabisa. Wanaotetea Kiswahili, kina Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba kufundisha Kiingereza vizuri na kufundishia kwa Kiingereza ni mambo mawili tofauti, na kwamba tumeyachanganya. Nakubaliana nao. Wazazi walio wengi hawakubaliani, na hoja yao haidharauliki: wanaona ajira za Arusha zinatangazwa kwa lugha gani, wanaona watoto wa jirani wanaosoma shule za "English medium" wanavyojibu simu. Mwenye uwezo anahama. Asiye na uwezo anapeleka mtoto kwenye fremu ya Sakina.

Mtego wa jibu la tatu

Wachache wanaovuka hadi kutafuta vyuo vya nje hukutana na mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Sehemu yake ya kusoma ina habari tatu, maswali 40 na dakika 60. Humo kuna aina ya swali inayowashika waokota maneno kama ulimbo unavyoshika ndege. Unapewa kauli, unatakiwa useme ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Maneno yote ya kauli yamo ndani ya habari. Mtoto aliyefundwa kukamata neno anayaona, anafurahi, anaandika "kweli". Jibu ni kwamba haikutajwa, na huwezi kujua kwamba jambo halikutajwa mpaka uwe umeisoma na kuielewa habari yote. Hakuna njia ya mkato hapo, ingawa nimeona vipeperushi Arusha vinavyoiuza.

Kama ni mazoezi, yapo yaliyo bora na hayana gharama. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya 1973, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa na kuziweka kwenye tovuti yake. Ndani yake zimo picha za majibu halisi, la aliyefanya vizuri na la aliyevurunda, na maelezo ya kwa nini. Utawaona humo walionakili swali na kuliita jibu, na walionakili aya nzima ya habari wakitumaini kwamba jibu limo humo mahali fulani. Saa moja na taarifa hiyo inamfundisha mwalimu zaidi ya rundo la karatasi za kopi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinapatikana bure kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Maktaba ya Mkoa wa Arusha ipo, na vitabu vyembamba vya hadithi ndivyo mtoto avitafute kwanza, kabla ya kamusi.

Mwalimu anayeweza kununua chaki anaweza pia kufanya walichofanya Criper na Dodd: aandike aya moja ubaoni, afute neno la saba, la kumi na nne, la ishirini na moja, halafu aliache darasa libishane nini kijae pale. Libishane kwa lugha yoyote. Kelele za ubishi huo ndizo kusoma kwenyewe.

Na Kiswahili kisifukuzwe chumbani, maana ndicho kipimo. Nyerere, aliyewahi kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, alimtafsiri Shakespeare mara mbili, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Huwezi kuitafsiri sentensi usiyoielewa. Utakwama kama tulivyokwama na yule mbuzi anayetarajia.

Mzazi mwenzangu, mtoto akirudi leo na karatasi ya tuisheni, usimuulize amepata ngapi. Kunja karatasi sehemu ya maswali, mwachie habari peke yake, aisome mpaka mwisho. Kisha aifunike akusimulie kwa Kiswahili: nani alifanya nini, na kwa nini. Huhitaji kujua Kiingereza hata neno moja ili utambue kama hadithi unayosimuliwa ina kichwa na miguu. Ukiambiwa mbuzi alikuwa anatarajia, muulize anatarajia nini.